APA, MLA au Chicago: Mtindo Upi wa Marejeleo Unaifaa Kazi Yako ya Utafiti?

Mwanafunzi wa chuo anapopewa kazi ya utafiti na kuagizwa atumie "mtindo wowote unaokubalika" wa marejeleo, huwa ameachiwa uamuzi ambao hakufundishwa namna ya kuufanya. Wengi humuuliza mwenzao anatumia upi, wakauiga, kisha wanapofika ukurasa wa kumi hugundua kwamba mtindo waliouazima hauna pa kuiweka barua ya zamani waliyoipata kwenye hifadhi ya nyaraka, au kwamba unawalazimisha kutaja mwaka kila mara ilhali wanachokijadili ni ubeti mmoja tu wa shairi.

Mitindo inayotajwa zaidi ni mitatu, na kila mmoja una asili inayoeleza tabia yake. Mtindo wa APA ulitoka kwa chama cha wanasaikolojia cha Marekani. Mwaka 1929 kikundi kidogo cha wataalamu kilichapisha mwongozo wa kurasa saba katika jarida la saikolojia ili ripoti za utafiti zifanane na zisomeke upesi, na mwongozo huo umekua hadi kufikia toleo la saba lililotoka mwaka 2019. Mtindo wa MLA ni wa chama cha wasomi wa lugha na fasihi kilichoanzishwa mwaka 1883. Chama hicho kilitoa kanuni zake za uandishi mwaka 1951, na toleo la tisa la mwongozo wake lilitoka mwaka 2021. Chicago ndio mkongwe wa miongozo hii: kitabu chake cha kwanza kilitolewa na matbaa ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1906, kikiwatumikia wahariri na wapiga chapa wa vitabu, na toleo la kumi na nane lilitoka mwaka 2024.

Wanasaikolojia, wasomi wa fasihi na wahariri wa vitabu walikuwa na wasomaji tofauti, na wasomaji hao hawaulizi swali moja wanapokutana na dai. Wa kwanza huuliza: jambo hili liligunduliwa lini? Wa pili huuliza: maneno haya yako ukurasa gani? Wa tatu huuliza: ushahidi huu umetoka wapi hasa? Ukishajua msomaji wako ataanza na swali lipi, sehemu kubwa ya uamuzi umekwisha kuufanya.

Vigezo vya ulinganisho

Nitaipima mitindo yote mitatu kwa mambo matano: kile ambacho rejea huonyesha ndani ya matini, umbo la orodha ya mwisho, sura ya ukurasa, aina ya vyanzo ambavyo mtindo unavimudu, na kazi ya mikono unayomtwisha mwandishi, hasa wakati wa kurekebisha rasimu. Uzuri wa kuonekana sikuuweka kuwa kigezo, kwa kuwa kila mtu huuona mzuri mtindo aliouzoea.

Ikiwa mhadhiri au idara yako imekwisha kutaja mtindo, mjadala huu hautakubadilishia uamuzi, ila unaweza kukueleza kwa nini kanuni zake ziko vile zilivyo. Vilevile mwongozo wa idara ndio unaotangulia pale unapopingana na kitabu cha mtindo, kwa sababu atakayesahihisha kazi yako anashika mwongozo huo.

Rejea ndani ya matini

Tuchukue mwandishi aitwaye Fulani, aliyechapisha kitabu mwaka 2015, nawe unanukuu maneno yake yaliyo ukurasa wa 45. Katika APA utaandika (Fulani, 2015, uk. 45). Katika MLA utaandika (Fulani 45), bila mkato na bila mwaka. Katika Chicago yenye tanbihi utaweka nambari ndogo iliyoinuliwa mwishoni mwa sentensi, na chini ya ukurasa yatafuata jina kamili la Fulani, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na ukurasa.

Mwaka unatangulizwa katika APA kwa sababu katika sayansi za jamii matokeo huzeeka. Msomaji anayeona dai kuhusu matumizi ya simu kwa vijana likiegemea utafiti wa mwaka 2003 hujua papo hapo, bila kufungua orodha ya mwisho, kwamba dai hilo lilitolewa kabla simu za kisasa hazijaenea. Udhaifu wake umejificha pahali pengine. APA hudai ukurasa unaponukuu neno kwa neno, lakini unapoeleza wazo kwa maneno yako mwenyewe ukurasa si lazima. Kwa makala ya kurasa nane hilo halina neno. Kwa kitabu cha kurasa mia nne, rejea isiyo na ukurasa ni sawa na kumwelekeza mgeni mtaani bila kumtajia nyumba, kwa hiyo nawashauri wanafunzi wautaje hata pale wasipolazimishwa.

MLA hutanguliza ukurasa kwa kuwa mjadala wa fasihi ni mjadala wa maneno yenyewe. Mwaka ambao nakala yako ya riwaya ilichapwa haumwambii msomaji jambo kubwa, lakini ukurasa humwezesha kufungua, kusoma aya nzima na kuamua kama umeitendea haki. Rejea zake ni fupi kiasi kwamba jicho huziruka. Taabu huanza unapojadili vitabu vinne vya mwandishi mmoja, kwani hapo jina pekee halitoshi na kila rejea huhitaji kuongezewa jina la kitabu lililofupishwa. Chanzo cha mtandaoni kisicho na kurasa, nacho, hubaki jina tupu ndani ya mabano.

Chicago huuacha ukurasa safi. Sentensi husomeka bila kukatwa na mabano, na anayetaka ushahidi huteremsha macho hadi chini. Zaidi ya hayo, tanbihi ina nafasi ya kueleza: unaweza kutaja barua, mwandishi wake, aliyeandikiwa, tarehe, jalada na hifadhi inamotunzwa, kisha ukaongeza sentensi moja ya tahadhari kwamba nakala hiyo haina ukurasa wa mwisho. Mabano ya APA hayawezi kubeba mzigo huo. Hata hivyo uhuru huo una hatari yake. Nimewahi kusoma kazi ambazo hoja bora zilikuwa zimezikwa kwenye tanbihi, huku matini yenyewe ikizungukazunguka, kana kwamba mwandishi alikuwa ameandika kazi mbili na kuiwasilisha ile dhaifu kuwa ndiyo kuu.

Ifahamike pia kwamba Chicago una mfumo wa pili, wa mwandishi na mwaka, ambao kwa kitabu kile kile utakupa (Fulani 2015, 45). Huo hutumiwa zaidi katika sayansi. Mtu akikuambia "tumia Chicago" bila kufafanua, muulize anataka mfumo upi kabla hujaandika sentensi ya kwanza.

Orodha ya mwisho

Mitindo yote mitatu hupanga orodha kwa alfabeti ya jina la ukoo, na mstari wa pili wa kila chanzo huingizwa ndani ili jina la mwandishi lionekane upesi. Baada ya hapo njia zinaachana.

Orodha ya APA huwa na vyanzo vilivyotajwa ndani ya kazi tu. Jina la kwanza la mwandishi hufupishwa kuwa herufi, mwaka hufuata mara moja, na jina la makala au kitabu huandikwa kama sentensi ya kawaida, yaani herufi kubwa huwekwa mwanzoni na kwenye majina maalumu pekee. Waandishi hadi ishirini hutajwa wote. Makala yenye kitambulisho cha kidijitali cha DOI huwekewa kitambulisho hicho katika umbo la kiungo, nalo toleo la saba liliondoa sharti la kutaja mji alimo mchapishaji. Mahojiano yako binafsi yasiyoweza kusomwa na mtu mwingine hayaingii kwenye orodha, bali hutajwa ndani ya matini tu, na wanafunzi wengi hulikosea jambo hili. Kufupisha majina huokoa nafasi, lakini waandishi wawili wenye jina moja la ukoo na herufi moja ya mwanzo huweza kuonekana kuwa mtu mmoja.

MLA huandika jina kamili na kuusogeza mwaka karibu na mwisho. Tangu toleo la nane la mwaka 2016, mtindo huu huona kila chanzo kuwa kitu kilichomo ndani ya chombo: insha imo ndani ya kitabu, kitabu kimo ndani ya maktaba ya kidijitali. Mwandishi hujaza vipengele tisa kwa mpangilio mmoja, kuanzia mwandishi hadi mahali chanzo kinapopatikana, na kuruka kile kisichokuwepo. Nadhani hili ndilo wazo la busara kuliko yote katika miongozo hii mitatu, maana ukishalielewa huhitaji kutafuta kanuni mpya kila unapokutana na video, tafsiri au kipindi cha redio.

Bibliografia ya Chicago inaweza kuingiza hata vyanzo ulivyovisoma bila kuvitaja. Ugumu wake ni kwamba chanzo kile kile huandikwa kwa maumbo mawili. Kwenye tanbihi jina la kwanza hutangulia na vipengele hutenganishwa kwa mikato. Kwenye bibliografia jina la ukoo hutangulia na vipengele hutenganishwa kwa nukta. Anayenakili tanbihi na kuibandika kwenye bibliografia bila kuigeuza huacha kosa ambalo msahihishaji mzoefu huliona kabla hajasoma hoja hata moja.

Sura ya ukurasa

Hapa tofauti ni ndogo kuliko wanafunzi wanavyodhani. Kwa kazi ya mwanafunzi, yote mitatu huelekeza nafasi mbili kati ya mistari na pambizo la sentimita 2.54, na Times New Roman ya ukubwa wa 12 hukubalika kila pahali.

APA hutaka ukurasa wa kwanza wenye jina la kazi kwa herufi nzito, jina la mwanafunzi, idara na chuo, kozi, mhadhiri na tarehe, na nambari za kurasa huanzia hapo, upande wa juu kulia. Kile kichwa kifupi kilichokuwa kikirudiwa juu ya kila ukurasa si lazima tena kwa wanafunzi. Mtindo huu una ngazi tano za vichwa vya sehemu, kila moja na umbo lake, na ndio unaotoa maelekezo ya kina zaidi kuhusu majedwali na vielelezo. Ikisiri, ikitakiwa, kwa kawaida haizidi maneno 250.

MLA hauhitaji ukurasa wa jina isipokuwa mhadhiri autake, au kazi iwe ya kikundi. Mistari minne upande wa juu kushoto hutaja mwanafunzi, mhadhiri, kozi na tarehe, kisha jina la kazi hukaa katikati bila herufi nzito. Juu kulia ya kila ukurasa huwekwa jina la ukoo la mwanafunzi na nambari.

Chicago hutumia ukurasa wa jina usioandikwa nambari, na jina la kazi hukaa takriban theluthi moja kutoka juu. Wanafunzi mara nyingi huambiwa wafuate Turabian. Huo ni mtindo huu huu uliorahisishwa kwa ajili yao na Kate L. Turabian, karani wa tasnifu katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye kijitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1937.

Nukuu ndefu hutengwa na kuingizwa ndani katika mitindo yote, ila kipimo cha "ndefu" hutofautiana: maneno 40 au zaidi kwa APA, zaidi ya mistari minne ya nathari kwa MLA, na maneno 100 au zaidi kwa Chicago, ingawa Turabian huwaelekeza wanafunzi watenge kuanzia mistari mitano.

Aina ya vyanzo

APA hustawi pale ambapo vyanzo ni makala za majarida, ripoti na data. Huyumba kidogo mbele ya vitabu vya zamani vilivyochapwa upya, ambavyo hulazimika kubeba miaka miwili kwa mkwaju, kama vile (Fulani, 1930/2015). MLA humudu vyema ushairi, tamthilia, filamu na tafsiri. Katika shairi hutaja nambari za mistari badala ya kurasa, na katika tamthilia hutaja tendo, onyesho na mstari, ili msomaji mwenye nakala ya toleo jingine asipotee. Chicago humudu kila kitu ambacho hakikuandikwa ili kichapishwe: shajara, miswada, barua, mikataba, kumbukumbu za vikao.

Kazi inayoandikwa kwa Kiswahili huleta suala moja la ziada katika yote mitatu, nalo ni vifupisho. APA na MLA huagiza kwamba kazi yenye waandishi watatu au zaidi itajwe ndani ya matini kwa jina la wa kwanza likifuatwa na ufupisho wa Kilatini "et al." Kwa Kiswahili "na wenzake" hufanya kazi hiyo vizuri. Amua mapema vifupisho vyako vya ukurasa, mhariri na mfasiri, uviandike pahali, uvifuate hadi mwisho.

Kazi ya mikono

Rasimu haiandikwi mara moja. Aya huhamishwa, sura hukatwa, na mtindo wa marejeleo huonyesha tabia yake halisi wakati huo.

Katika APA kosa la kawaida ni kutolingana: rejea iliyo ndani ya matini haimo kwenye orodha, au chanzo kimebaki kwenye orodha baada ya aya yake kufutwa. Dawa yake ni kuikagua kazi mara mbili, kutoka kwenye matini kwenda kwenye orodha, kisha kutoka kwenye orodha kurudi kwenye matini. MLA hukagulika kwa njia hiyo hiyo, lakini una mtego wa matoleo: ukianza kusoma riwaya kwenye nakala ya karatasi na kuimalizia kwenye nakala ya kielektroniki, kurasa zako hazitalingana, na huwezi kulisahihisha hilo bila kurudi kwenye kitabu.

Chicago ndio unaochosha zaidi katika hatua hii. Programu ya kuandikia hubadilisha nambari za tanbihi yenyewe, kwa hiyo wengi hudhani usalama upo. Tatizo ni kwamba tanbihi ya kwanza ya kila chanzo huandikwa kwa ukamilifu na zinazofuata hufupishwa. Ukihamisha aya kutoka sura ya pili kwenda ya nne, ufupisho unaweza kutangulia ukamilifu, naye msomaji akakutana na jina ambalo hajatambulishwa. Neno "ibid.", linalomaanisha "pale pale", ni hatari zaidi, kwani ukichomeka tanbihi mpya kati ya mbili za zamani linaanza kuelekeza kwenye chanzo kisicho chake. Tangu toleo la mwaka 2017 mwongozo wenyewe hupendelea jina lililofupishwa badala ya neno hilo.

Programu za kusimamia marejeleo, kama vile Zotero, Mendeley na EndNote, hupunguza mzigo huu na huweza kugeuza kazi kutoka mtindo mmoja hadi mwingine kwa muda mfupi. Haziwezi kutoa kisichoingizwa, hata hivyo. Mwandishi aliyeanza na APA bila kuandika kurasa, kisha akaambiwa ageukie MLA, atakuta mabano yenye majina matupu. Kwa sababu hiyo, mtindo wowote utakaouchagua, andika tangu siku ya kwanza jina kamili la kila mwandishi, mwaka, toleo, mchapishaji, kurasa, kiungo na tarehe uliyosoma. Mtindo utakitupa usichokihitaji, na uamuzi wako utaweza kubadilishwa bila msiba.

Nani anafaa mtindo upi

APA unamfaa anayeandika kuhusu saikolojia, elimu, uuguzi au masomo ya biashara, na kwa jumla yeyote ambaye hoja yake inategemea matokeo yaliyopatikana hivi karibuni. Mwandishi mpya huufurahia kwa sababu umepanga karibu kila kitu, ingawa anayependa kuijenga insha yake kwa utaratibu wake mwenyewe atauona mkali.

MLA unamfaa msomaji wa matini: fasihi, filamu, tafsiri, nadharia ya uhakiki. Ndio mwepesi kujifunza kwa kazi fupi. Unapungua pale ambapo mfuatano wa miaka ni sehemu ya hoja.

Chicago wenye tanbihi unamfaa mwanahistoria, mwanafunzi wa sanaa au dini, na mtu yeyote ambaye vyanzo vyake vinahitaji kuelezwa kabla ya kuaminiwa. Hudai uvumilivu, na kwa insha ya kurasa tano yenye makala sita za majarida ni mzigo usiolingana na safari.

Kwa kila hali, njia yake

Ikiwa umeambiwa utumie "Harvard", elewa kwamba jina hilo hutaja familia ya mifumo ya mwandishi na mwaka ambayo haina mwongozo mmoja rasmi, na kila chuo huwa na nakala yake. Omba ile ya chuo chako, kwani kutumia APA kwa kudhani ni kitu kimoja kutakupotezea alama kwenye mikato na mabano. Katika tiba, nako, huenda ukatakiwa kutumia Vancouver, ambao hutumia nambari na hauingii katika ulinganisho huu.

Ikiwa kazi yako imesimama kati ya taaluma mbili, kwa mfano historia ya elimu, hesabu vyanzo vyako. Vingi vikiwa nyaraka, chukua Chicago wenye tanbihi. Vingi vikiwa makala na takwimu zenye nyaraka chache kando, APA utatosha, nawe utazieleza nyaraka hizo ndani ya sentensi zako. Vikigawanyika nusu kwa nusu, fikiria Chicago wa mwandishi na mwaka, ambao huruhusu tanbihi za maelezo bila kukulazimisha kuandika kila rejea chini ya ukurasa.

Ikiwa unajiandaa kwa shahada ya juu katika fani ile ile, tazama majarida matatu ambayo wasimamizi wako huyasoma na uanze na mtindo wao, hata kama kwa insha ya sasa mwingine ungekuwa rahisi zaidi.

Na ikiwa zimebaki siku mbili kabla ya kuwasilisha, nawe unagundua kwamba mtindo mwingine ungekufaa zaidi, usibadilishe. Tumia siku hizo kulinganisha kila rejea na orodha yako, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiweka alama kwa kalamu, kwa maana kazi iliyochanganya mitindo miwili husomeka vibaya kuliko iliyofuata kwa uaminifu mtindo usio bora kwake.